Upasuaji wa valvu ya mdogo wangu umeahirishwa kwa sababu ya "mshipa wa ziada". Kuna aliyepitia hili?

#1 BintiKayole

Wadau, habari. Naomba mnisaidie kuelewa jambo ambalo limetuvuruga nyumbani wiki nzima.

Mdogo wangu ana miaka 24. Utotoni koo lilikuwa likimuuma kila baada ya miezi michache, nasi tukimpa maji ya chumvi asukutue na chai ya tangawizi, yanaisha. Akiwa darasa la sita magoti na vifundo vikamvimba kwa zamu, leo goti hili, kesho lile. Tukaambiwa anakua. Alipofika miaka 21 hakuweza tena kupanda ngazi za ghorofa ya tatu tunakoishi bila kuketi katikati, na usiku akawa analalia mito mitatu. Eko, kile kipimo cha kutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha valvu ya mitrali, mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo, imekaza na inavuja, na ya trikaspidi, mlango wa upande wa kulia, inavuja sana. Chanzo ni homa ya baridi yabisi, iliyoanzia kwenye lile koo.

Tumesubiri tarehe ya upasuaji karibu mwaka mzima, katika hospitali moja hapa Nairobi. Jina naliacha. Alilazwa Jumapili, akaambiwa asile kitu usiku. Jumatatu alfajiri mimi na mama tuko pale na rozari mkononi, daktari akaja akasema leo hatufanyi. Eko ya mwisho imeonyesha kwamba koronari sinasi imepanuka, na wanashuku ana mshipa mkubwa upande wa kushoto wa kifua ambao ulipaswa kupotea kabla hajazaliwa. Afanyiwe picha ya CT kwanza, kisha wakae tena.

Nimeuliza watu wanne, nimepata majibu manne. Daktari kijana anasema ni shida ya mashine. Nesi anasema ni mambo ya dawa ya kusimamisha moyo. Mjomba anasema wanataka pesa zaidi. Mama anadhani ni kosa lake. Je, mshipa huu ndio unaomuumiza mtoto? Unaua? Na kama hauui, kwa nini wazuie kitu ambacho tumekingoja mwaka?

#2 MwanaMvita

Pole sana dadangu. Mpwa wangu alifanyiwa mitrali, najua huo usiku wa kuamkia upasuaji ulivyo mrefu. Nakaa hapa nasoma.

#3 Mzee_wa_Gikomba

Binti yangu, nakuambia kama mzazi. Kaka yangu aliahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza damu haitoshi. Ya pili kitanda cha ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, kimechukuliwa na mgonjwa wa ajali. Ya tatu kifaa fulani kimechelewa kufika. Kila mara tulipewa neno la kidaktari ambalo hatukulielewa hadi tulipoulizia kwa upole tukaambiwa ukweli. Sisemi mshipa haupo. Nasema uliza pia kuhusu kitanda.

#4 FundiPampu

Mimi ndiye yule mtu anayekaa kando ya meza ya upasuaji akiendesha mashine ya moyo na mapafu, kwa hiyo niruhusuni niandike kidogo zaidi.

Damu ya mwili inarudi moyoni kwa njia kuu mbili. Vena kava ya juu inaleta ya kichwa na mikono, vena kava ya chini inaleta ya tumbo na miguu, na zote mbili zinamwaga kwenye chemba ya juu ya kulia. Tunapofanya upasuaji tunaingiza bomba katika kila moja na kukaza utepe kulizunguka. Damu yote inakuja kwangu, naipa oksijeni, nairudisha mwilini kupitia aorta, ateri kuu inayotoka moyoni. Chemba ya kulia inabaki kavu. Daktari anaifungua na anaiona trikaspidi kama wewe unavyoona kiganja chako.

Sasa mgonjwa akiwa na vena kava ya pili upande wa kushoto, hiyo ya pili haina bomba. Inashuka kando ya moyo na kumwaga damu ya mkono wa kushoto na upande ule wa kichwa ndani ya koronari sinasi, yaani ule mfereji unaokusanya damu iliyokwisha tumika kwenye nyama ya moyo. Na mdomo wa koronari sinasi unafungukia wapi? Ndani ya chemba ile ile ya kulia, pembeni kabisa mwa trikaspidi. Daktari akifungua chemba anakuta chemchemi. Anafyonza, inajaa. Anafyonza, inajaa. Huwezi kushona valvu ndani ya kisima.

Njia za kutatua zipo na si ngeni. Unaweza kuweka bomba la tatu moja kwa moja kwenye mshipa wa kushoto. Unaweza kupitisha bomba la kufyonza kwenye mdomo wa koronari sinasi lifyonze muda wote. Au, kama kuna mshipa mpana unaounganisha kushoto na kulia juu ya kifua, unaufunga wa kushoto kwa muda na damu inazungukia kulia. Lakini ukiufunga bila kuwa na huo wa kuunganisha, damu ya kichwa inakosa pa kushukia na shinikizo linapanda kwenye ubongo. Hiyo ndiyo sababu ya CT: wanataka kuona kama kuna daraja.

#5 Tabibu_Dar

Mkuu FundiPampu ameeleza vizuri, ila kwa maoni yangu nesi aliyemjibu dada naye hakukosea.

Ili moyo utulie ushonwe, tunaupa dawa yenye potasiamu nyingi, kadioplejia. Inausimamisha na kuulinda. Njia ya kwanza ni ya mbele: dawa inaingizwa kwenye shina la aorta na kushuka na ateri za koronari. Njia ya pili ni ya nyuma: unaingiza kanula, yaani mrija mwembamba, kwenye koronari sinasi na dawa inapanda kinyume cha mkondo hadi kwenye nyama ya moyo. Vituo vingi vinatumia zote mbili. Kwa mwenye vena kava ya kushoto, ukimimina dawa kwenye koronari sinasi inapanda zake kuelekea shingoni, na misuli ya moyo inabaki bila ulinzi. Ukiwa hujui kwamba mshipa upo, unaweza kudhani umelinda moyo kumbe hujalinda kitu. Kwa macho yangu hilo ndilo la kutisha kuliko bomba la tatu.

#6 FundiPampu

@Tabibu_Dar hapo tunatofautiana kidogo, daktari. Kama valvu ya aorta haivuji, njia ya mbele peke yake inatosha, unairudia kila dakika 15 hadi 20. Mitrali ngapi zimefanywa hivyo. Aorta ikivuja ndipo dawa inarudi kwenye ventrikali, chemba ya chini ya moyo, na unalazimika kufungua aorta na kuingiza dawa kwenye mdomo wa kila ateri. BintiKayole hajataja aorta.

#7 BintiKayole

Aorta walisema ni nzima. Asanteni sana, leo ndiyo mara ya kwanza nimeelewa damu inapita wapi.

#8 KijanaWaRongai

Mimi si daktari lakini nimesoma. Huu mshipa uko kwa mtu mmoja kati ya 20, ni kawaida tu. Na koronari si ndiyo ile inayoziba na kuleta shambulio la moyo? Huenda anahitaji ateri kuzibuliwa pia wakati huo huo.

#9 NesiWaZamani

@KijanaWaRongai hapana kwa yote mawili, mwanangu. Kwa watu wote ni kama watatu hadi watano katika kila 1,000. Idadi hupanda kwa wale waliozaliwa na kasoro za moyo. Na kinachoziba katika shambulio la moyo ni ateri za koronari, zinazopeleka damu kwenye misuli. Koronari sinasi ni mshipa wa kurudisha. Mmoja ni bomba la maji safi, mwingine ni mtaro. Msichana wa miaka 24 mwenye homa ya baridi yabisi hana sababu ya kuzibuliwa ateri.

#10 KijanaWaRongai

Nimekosea, nashukuru kwa marekebisho.

#11 MamaTatu

BintiKayole nisome mimi, kwa sababu nina huo mshipa.

Nilibadilishwa mitrali 2016, valvu ya chuma. Hakuna aliyejua lolote kabla. Baada ya upasuaji, nikiwa ICU, mrija wa shingoni upande wa kulia ulileta shida wakaweka mwingine kushoto. Picha ya eksirei ikaonyesha mrija unashuka wima upande wa kushoto wa moyo badala ya kukatiza kwenda kulia. Nakumbuka watu walijaa kitandani kwangu kama kuna harusi. Walidhani umeingia kwenye ateri. Wakachukua damu kupitia mrija ule, wakapima shinikizo, wakakuta ni mshipa wa kurudisha. Ndipo nikaambiwa mama, una vena kava mbili.

Nimeishi nao maisha yangu yote na sijawahi kuujua. Nimezaa watoto watatu, wawili kabla na mmoja baada. Ninauza nguo Eastleigh, napanda na kushuka ngazi na marobota. Kwa hiyo jibu la "unaua?" kwangu ni hapana.

#12 Mzee_wa_Gikomba

Haya sasa. MamaTatu alifanyiwa bila hata kujulikana ana mshipa, na yuko hai anauza nguo. Kwa nini huyu mtoto arudishwe nyumbani? Ndiyo maana nasema ulizeni kitanda.

#13 FundiPampu

Mzee, swali lako ni la haki. Tofauti ni hii. MamaTatu, nikikisia, ulifanyiwa mitrali peke yake, na daktari aliingilia chemba ya kushoto. Chemba ya kulia haikufunguliwa. Bomba moja lenye matundu ya juu na chini lilikuwa ndani yake likifyonza kila kitu, pamoja na damu ya koronari sinasi. Mshipa wa kushoto haukumsumbua mtu. Mdogo wake BintiKayole ana trikaspidi inayovuja sana, na trikaspidi haifikiwi bila kufungua kulia. Mshipa ule ule, upasuaji mwingine.

Na hata bila eko, daktari mwenye macho huuona akifungua kifua, kabla ya mashine kuwashwa. Mshipa wa kuunganisha unaopita mbele juu ya aorta akiukosa, au akiukuta mwembamba kama uzi, atatazama kushoto kwa ateri ya mapafu. Kwa hiyo wangeweza kuendelea siku ile ile. Hapo siwezi kuwatetea wala kuwalaumu, sikuwepo.

#14 Mzee_wa_Gikomba

Umesema mwenyewe: wangeweza kuendelea.

#15 MamaTatu

@FundiPampu ni kweli, ilikuwa mitrali peke yake. Miaka yote hii hakuna aliyenieleza kwa nini kwangu ilipita salama.

#16 Nyanya_Kiambu

Mimi nauliza kwa heshima. Haya mambo ya mshipa kubaki hayatokani na dawa alizotumia mama akiwa mjamzito? Au kubeba mizigo? Jirani yetu alizaa mtoto mwenye tundu la moyo, wakamlaumu mkewe hadi ndoa ikavunjika.

#17 BintiKayole

Nyanya umegusa donda. Mama analia usiku. Anakumbuka alimeza dawa za malaria akiwa na mimba ya huyu mdogo wangu, anasema ndizo.

#18 Tabibu_Dar

Mwambieni mama anyamaze, hana kosa. Sisi sote, kila anayesoma hapa, tulianza tumboni tukiwa na mishipa miwili ya juu, kulia na kushoto. Karibu na wiki ya nane linajengeka daraja kati yao, damu ya kushoto inahamia kulia, na ule wa kushoto unanywea. Unabaki mkunjo mdogo tu nyuma ya moyo, alioueleza daktari wa Uingereza John Marshall mwaka 1850. Kwa wengine haunywei. Mimba ilikuwa bado ndogo mno, pengine mama alikuwa ndiyo kwanza anajijua. Na valvu zimeharibiwa na koo la miaka mingi baadaye. Ni mambo mawili yasiyojuana ambayo yamekutana kwa mtu mmoja.

#19 NesiWaZamani

Naongeza jambo ambalo hamjaligusa. Mshipa huu kwa wengi unaingia koronari sinasi, na hao hawaumwi. Lakini kwa wachache unaingia moja kwa moja chemba ya juu ya kushoto. Hapo ni habari nyingine kabisa: damu isiyo na oksijeni inachanganyika na iliyo nayo, na kipande cha damu iliyoganda au kiputo cha hewa kutoka mkono wa kushoto kinaweza kupita hadi kwenye ubongo bila kuchujwa na mapafu. Watu hupata kiharusi au jipu la ubongo.

Kuna kipimo rahisi. Wanatikisa maji ya chumvi yawe na viputo vidogo, wanayachoma mkono wa kushoto huku wakitazama eko. Viputo vikitokea kwanza kwenye koronari sinasi kisha chemba ya kulia, mambo shwari. Vikitokea kushoto, upasuaji wenyewe unabadilika, maana mshipa unapaswa kuhamishwa au kuelekezwa upya. Je, walimfanyia? Na oksijeni ya kidole ni ngapi?

#20 BintiKayole

Walimchoma kitu mkono wa kulia, wa kushoto sikumbuki. Oksijeni ilikuwa 93.

#21 NesiWaZamani

Hiyo 93 ndiyo inanifanya niulize. Nairobi tuko juu, lakini msichana wa miaka 24 angekuwa juu zaidi ya hapo. Huenda ndicho kilichomshtua daktari.

#22 Tabibu_Dar

Dada NesiWaZamani, mitrali iliyokaza inarudisha maji kwenye mapafu. Mtu anayelalia mito mitatu kuwa na 93 hakunishangazi. Halafu koronari sinasi iliyopanuka inaashiria kwamba damu inapita humo. Hata hivyo, kipimo cha mkono wa kushoto ningekitaka na mimi.

#23 NesiWaZamani

Wakati huo huo, mpaka ijulikane, akitundikiwa dripu atundikiwe kulia, na waondoe viputo vyote kwenye mrija. Haigharimu kitu.

#24 Otieno_wa_Ziwa

Nami nina kisa cha jirani yake huo mshipa. Binamu yangu alikuwa na mitrali iliyokaza bila kuvuja, wakaamua kumpanulia kwa puto kupitia kinena. Ni kazi ya waya kupanda vena kava ya chini, kuingia moyoni, kutoboa ukuta katikati na kupanua valvu. Waya ukapanda, ukapita nyuma ya moyo, ukatokea juu! Vena kava yake ya chini imekatika kabla ya kufika moyoni; damu ya miguu inapanda kwa mshipa unaoitwa azigosi na kuingia vena kava ya juu. Mishipa ya ini peke yake ndiyo inayoingia moyoni kutoka chini. Walisimamisha. Baadaye akafanyiwa upasuaji wa kufungua kifua.

Swali langu: kwa nini huyu mdogo wetu asifanyiwe puto?

#25 FundiPampu

Kwa sababu valvu yake inavuja pamoja na kukaza, na puto huongeza uvujaji. Pia trikaspidi haingeguswa. Ila kisa chako ni muhimu, maana kwa mtu kama binamu yako hata sisi wa mashine tungeumbuka tukijaribu kupitisha bomba kinenani. Bomba la juu linabeba damu ya karibu mwili wote, kwa hiyo liwe nene, na mishipa ya ini iwe na bomba lake.

#26 KijanaWaRongai

Naona nimejifunza mengi leo kuliko muhula mzima. Waafrika tumetoka mbali, si ndiyo maana Christiaan Barnard ndiye mtu wa kwanza duniani kubadilisha valvu pale Cape Town?

#27 Tabibu_Dar

Kijana, umejitahidi lakini Barnard alibadilisha moyo mzima, tarehe 3 Desemba 1967, hospitali ya Groote Schuur. Valvu zilitangulia. Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walitumia mpira mdogo ndani ya kizimba kubadilisha mitrali mwaka 1960, na mwaka huo huo Nina Braunwald naye aliweka mitrali aliyoibuni mwenyewe. Mashine anayoendesha FundiPampu ilimfanyia kazi John Gibbon mara ya kwanza mwaka 1953.

#28 MwanaMvita

Kijana wa Rongai anapigwa msasa leo, usikate tamaa mwanangu, tunakupenda. Swali langu ni la mapigo. Mpwa wangu moyo wake ulikuwa unakimbia bila mpangilio. BintiKayole, wa kwenu je? Nilisikia mahali kwamba mshipa huu wa kushoto wenyewe unaweza kuanzisha mapigo hayo.

#29 BintiKayole

Ndiyo, tangu mwaka jana. Anasema ni kama kifaranga kimefungiwa kifuani.

#30 Tabibu_Dar

Ni kweli mshipa huo unaweza kuwa chanzo, una nyuzi za misuli ya moyo ndani yake. Lakini mitrali iliyokaza inavuta chemba ya kushoto hadi inapanuka, na hiyo peke yake inatosha kuvuruga mapigo. Utaona ni vigumu kusema ni kipi.

#31 NesiWaZamani

Na kama baada ya kushona trikaspidi umeme wa moyo ukikatika, akahitaji kifaa cha kuendesha mapigo, waya kwa kawaida huingizwa kutoka bega la kushoto. Kwa huyu njia ya kushoto ina kona nyingi. Huenda walitaka kulifikiria hilo kabla.

#32 Mzee_wa_Gikomba

Tumefika sababu ngapi sasa? Bomba, dawa ya moyo, mahali mshipa unapoingia, waya wa mapigo. Yangu ya kitanda bado iko mezani.

#33 MamaTatu

Niseme jambo ambalo sikuambiwa mapema. Muulizeni ni valvu gani. Ya chuma inadumu, lakini ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na kupima INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda. Ya mnyama haihitaji warfarini milele, ila kwa kijana inachakaa haraka na kifua kitafunguliwa tena. Ana miaka 24, je, anataka watoto? Warfarini katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto. Mimi mimba yangu ya tatu nilihamishiwa sindano za heparini kwa muda, nikifuatwa kila wiki, na niliogopa kila siku ya hiyo miezi. Na wakati mwingine mitrali inaweza kurekebishwa bila kubadilishwa. Aulizwe yeye mwenyewe, si mjomba.

#34 Nyanya_Kiambu

Na sukuma wiki? Niliambiwa wa warfarini hali sukuma tena. Nairobi mtu ataishi vipi bila sukuma?

#35 MamaTatu

Nyanya nakula sukuma, managu na kunde. Zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo siri ni kula kiasi kilekile kila wiki. Kilichonipandisha na kunishusha ni kula sana wiki moja na kuacha wiki nyingine. Nilipotulia na sahani yangu, INR yangu nayo ikatulia kati ya 2.5 na 3.5.

#36 Otieno_wa_Ziwa

Sindano za penisilini za kila mwezi anachoma? Binamu yangu aliacha kwa sababu zinauma kwenye makalio, homa ikamrudia.

#37 BintiKayole

Anachoma kila wiki nne, hajakosa tangu akiwa na miaka 21. Natamani tungeanza akiwa darasa la sita.

#38 BintiKayole

Wadau, siku tisa baadaye. CT imetoka na leo tumekaa na madaktari, mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeuliza maswali, alikuwa ameyaandika kutoka humu.

Ana vena kava mbili za juu. Ya kushoto inaingia koronari sinasi. Viputo vya mkono wa kushoto vilipita vizuri, havikwenda upande mbaya. Daraja la kuunganisha lipo lakini ni jembamba sana. Vena kava ya chini ni kamili. Wanasema watajaribu kurekebisha mitrali, ikishindikana ni chuma au ya mnyama kadiri yeye atakavyoamua, bado hajaamua. Trikaspidi itawekwa pete.

Nilipouliza kwa nini Jumatatu ile hawakuendelea, daktari mkubwa alisema hakutaka kugundua njia ya damu akiwa ameshafungua. Daktari kijana akasema bomba la ukubwa unaofaa kwa mshipa wa tatu halikuwepo siku ile. Na sista wa wodi, tukiwa kwenye korido, akaniambia ICU ilikuwa imejaa.

#39 Mzee_wa_Gikomba

Mwanangu, mimi sina la kuongeza. Nimefurahi kwamba viputo vimepita.

#40 FundiPampu

Daraja jembamba linamaanisha wasiufunge, waweke bomba la tatu. Daktari mkubwa amesema neno la kweli. Na la bomba nalo laweza kuwa kweli. Ukubwa ule hauwi rafuni kila siku.

#41 NesiWaZamani

Na la ICU pia. Yote matatu yanaweza kutokea Jumatatu moja.

#42 Tabibu_Dar

Bado nashikilia kwamba ulinzi wa moyo ndio ulipaswa kuwa swali la kwanza. Muulizeni kama kadioplejia ya nyuma wameiacha kabisa.

#43 BintiKayole

Nimeandika, nitauliza. Tarehe mpya ni baada ya wiki tatu. Wanataka watu wanne wachangie damu kabla, hadi sasa tuna mjomba na mimi. Mama amelala usiku wa jana bila kulia, nilimsomea #18 mara mbili.

#44 MwanaMvita

Kundi gani? Nakuja Nairobi na treni Ijumaa.

#45 BintiKayole

O chanya. Ila wamesema hata ukiwa kundi lingine unachangia, wanabadilishana benki.

#46 KijanaWaRongai

Mimi ni O hasi. Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa pale langoni, niambie tu ni lango lipi.